Majani ya mkunazi huombwa usiku

Uani kwa Bibi, Pangani, palikuwa na mkunazi ulioinamia upande mmoja kwa kusukumwa na kusi miaka nenda miaka rudi. Haukuwa mrefu. Ukisimama juu ya kinu kilichofudikizwa ungeyashika matawi ya katikati, na yale ya chini yaliburura ardhini kabisa, kuku wakijilaza chini yake jua linapokuwa la utosi. Wageni kutoka bara walikiita kichaka. Sisi watoto tulisema ni mti, maana tulikuwa tukiukwea, tukashuka na michubuko, na kesho yake tukaukwea tena.

Miba yake hukaa miwili miwili penye kila jani. Mmoja umenyooka, wa pili umepinda kama ndoana. Ulionyooka hukuchoma ukiingiza mkono, uliopinda hukungoja ukiutoa. Bibi alitufundisha njia moja tu ya kuutoa mkono bila kuchanika: usivute. Rudisha mkono mbele kidogo, mwiba uachie wenyewe, kisha shuka taratibu. Hadi leo nikinaswa nguo kwenye seng'enge mkono wangu huenda mbele kwanza, hata kabla sijafikiri.

Kunazi zilianza kuiva miezi ya kipupwe. Ikiwa changa ni ya kijani, ngumu, na uchachu wake hukaza meno. Ikipevuka huwa ya manjano, na ukiing'ata hulia kama tufaha dogo. Ukiiacha mtini izidi kuiva hugeuka rangi ya hudhurungi, ganda linasinyaa, nyama ya ndani inakuwa laini kama mkate uliolowa chai, tamu yenye uchachu kwa mbali. Watoto tulipenda za manjano kwa sababu ya ule mlio. Bibi alipenda zilizosinyaa, akiziokota chini asubuhi kabla ya kufagia uwanja na kuzitia kwenye pindo la kanga. Kabla ya kula tuliichunguza kila moja: ukiona kitundu cheusi karibu na kikonyo, ujue ndani yumo funza. Unaipasua kwa kucha, unatupa upande wake, unakula ulio wako.

Zilizobaki tulizipanga mafungu juu ya gunia nje ya lango la shule ya msingi, pamoja na chumvi na pilipili ya unga tuliyoifunga kwenye vipande vya karatasi ya daftari. Kunazi za manjano na chumvi, wakati wa mapumziko, chini ya mwarobaini. Nimekula matunda mengi tangu hapo, mengine nimeyanunua kwa bei ambayo Bibi asingeiamini, lakini hakuna lililonifanya nimeze mate kwa kulikumbuka tu kama hilo.

Watu wengi wanalichukulia kuwa tunda la watoto, na hapo ndipo linapodharauliwa. Mtu mzima akionekana anatafuna kunazi barabarani huonekana hana shughuli. Lakini kwa uzito ule ule, kunazi mbichi kwa kawaida ina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na hutoka kwenye mmea usioomba maji, usioomba mbolea, unaosimama kwenye mchanga wa pwani na kwenye udongo mkavu wa bara vilevile, kwa sababu mzizi wake mkuu hushuka chini sana kabla shina halijapata kimo. Wahindi wanaliita ber, na wao hawakuliachia watoto. Wamelichagua na kulibebesha kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata aina zenye tunda la ukubwa wa yai la kuku, na wanalilima mashambani kama sisi tunavyolima machungwa ya Muheza. Wanatumia mti huohuo kufugia wale wadudu wadogo wanaotoa utomvu unaotengenezewa lakiri, ile waliyokuwa wakiyeyusha na kugonga muhuri juu ya bahasha za serikali. Bonde la Zambezi, upande wa Zimbabwe na Zambia, wanaliita masau. Wanalianika, wanalisaga, wanaliuza kwa magunia, na wengine wanalivundika na kulikeneka kuwa pombe kali ya kachasu. Zile tende za Kichina nyekundu zilizokauka, zinazouzwa kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam kama dawa, nazo ni za ukoo huu huu.

Mfaransa Lamarck ndiye aliyeupa mmea wetu jina la kitaalamu, Ziziphus mauritiana, mwaka 1789, kwa kuuhusisha na kisiwa cha Morisi. Sisi tulikuwa na jina letu, na tumelipa mitaa. Unguja Mjini kuna Mkunazini, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka huohuo ujenzi wa kanisa kuu la Anglikana ukaanza papo hapo. Wageni hupelekwa kuona kanisa na vyumba vya chini ambamo huambiwa watumwa walifungiwa, nao hutoka wakiwa kimya, na ndivyo inavyostahili. Mimi kila nikipita hapo hulifikiria na jina lenyewe. Watu walipaita hapo mahali kwa kutaja mti, na ni mti huu wenye miba.

Nataka kueleza habari za majani, maana ndiyo yaliyonifanya nikae niandike.

Jani la mkunazi ni dogo, la mviringo, limetoshea kufunika sarafu kubwa. Juu ni la kijani kinachong'aa. Chini ni jeupe, lina manyoya laini kama limepakwa unga wa muhogo, na kutoka kwenye kikonyo hutoka mishipa mitatu inayokimbia sambamba kuelekea ncha. Ukiuziwa majani sokoni ukaambiwa ni ya mkunazi, ligeuze. Kama chini si jeupe na mishipa si mitatu, umeuziwa kitu kingine.

Ijumaa asubuhi Bibi alituosha vichwa wajukuu wote wa kike kwa zamu. Alitwanga majani mabichi kwenye kinu kidogo, akatia maji ya vuguvugu, akayafikicha kwa mikono, akayachuja kwa kipande cha kanga kuukuu. Yalitoka maji ya kijani yenye povu jepesi. Povu hilo halitoki kwa miujiza: majani yana saponini, ambayo ndiyo inayoshika mafuta na uchafu kama sabuni inavyofanya. Alitumiminia utosini, akasugua kwa ncha za vidole, akatuacha tukae juani kidogo kabla ya kusuuza. Nywele zilikuwa laini na harufu yake ilikuwa ya majani ya chai na udongo ulionyeshewa mvua. Hatukujua mba. Ndugu zetu walioko Muscat mpaka leo wanaosha nywele kwa unga wa majani hayo, nao wakija likizo hutuletea kwenye pakiti zenye maandishi ya Kiarabu. Mama yangu huzipokea kwa heshima na kusema ahsanteni, kisha anasimulia jinsi alivyokuwa akiuchuma uani bure.

Kwa Waislamu wa mwambao mmea huu una daraja ambalo hakuna mwingine wa uani unalo. Sidr, ndilo jina lake la Kiarabu, imetajwa ndani ya Qur'ani. Kwenye Surat Najm upo Mkunazi wa Mwisho, mpaka ambao Mtume alifikishwa usiku wa Miraji. Kwenye Surat Waaqia watu wa kheri wameahidiwa mikunazi isiyo na miba, na mtu aliyewahi kuukwea huu wenye miba ndiye anayejua uzito wa ahadi hiyo. Kwenye Surat Sabaa watu walioharibiwa mabustani yao kwa mafuriko waliachiwa miti yenye matunda machungu na mikunazi michache. Wataalamu wa mimea husema ule wa Arabuni mara nyingi ni Ziziphus spina-christi, ndugu wa damu wa huu wetu. Wazee wetu waliuona huu una majani yaleyale, miba ileile, povu lilelile, wakaukubali kuwa ndio. Sijawahi kumsikia shekhe hata mmoja akiwapinga.

Na ipo Hadithi ya Ummu Atiyya, mmoja wa masahaba wa kike wa Mtume. Binti yake Mtume alipofariki, wanawake waliokuwa wakimwosha walielekezwa wamwoshe mara tatu au tano, au zaidi wakiona haja, kwa maji na mkunazi, na mara ya mwisho watie karafuu maiti. Ndiyo maana pwani yote, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, maiti akiwa ndani ya nyumba watu wawili hutumwa nje kwa haraka: mmoja kununua sanda, mmoja kuchuma mkunazi.

Bibi alifariki mwaka 2009, usiku wa kuamkia Alhamisi. Nilikuwa nimekwenda kumuuguza wiki mbili. Mama Mkubwa alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akamnyoosha miguu, kisha akatoka mpaka kizingitini nilipokuwa nimekaa. Aliniambia, "Mwanangu, inuka. Nenda kachume mkunazi. Usichume yaliyokauka, chuma mabichi, ujaze ungo." Nikasema, "Mama Mkubwa, siwezi." Akasema, "Utaweza. Yeye alimchumia mama yake."

Niliishika tochi kwa meno. Nilichuma kwa mkono wa kulia, ungo umekaa kwenye nyonga ya kushoto, na kila tawi nililolivuta lilinishika. Sikuvuta mkono. Nilifanya alivyotufundisha, mbele kidogo, kisha chini. Nilipojaza ungo mikono yangu ilikuwa na mistari myekundu kuanzia vidoleni mpaka viwikoni, na ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza, nimesimama chini ya mti, majani yake mikononi.

Nikayatwanga kwenye kinu chake. Ilikuwa saa tisa za usiku. Kwa kawaida hakuna anayetwanga saa hizo, kwa hiyo majirani waliposikia mchi hawakuhitaji kupelekewa habari. Nilipomaliza kuchuja nikainua kichwa, uani kulikuwa kumejaa wanawake wenye kanga za kujifunika, wamekuja bila kuitwa. Mmoja akanipokea ndoo.

Niliruhusiwa kuingia. Mwoshaji alikuwa mwanamke mzee wa mtaa wetu, mkono wake mwepesi kama wa mkunga. Alianza kumtakasa, akamtawadhisha, kisha akamwosha kwa maji ya mkunazi kuanzia kichwani, ubavu wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Alipofika kwenye nywele alisugua kwa ncha za vidole. Lilitoka povu lilelile la Ijumaa, harufu ileile. Nilikuwa nimeishika kanga ya stara upande mmoja, na nilimwona Bibi akioshwa kichwa kama alivyotuosha sisi. Yakafuata maji matupu, na ya mwisho yenye karafuu maiti. Nje palikuwa panapambazuka.

Miaka miwili baadaye nyumba ikagawanywa kwa warithi, na sehemu ya uani ikauzwa. Mnunuzi alitaka ukuta. Mkunazi ulikuwa kwenye mstari wa msingi. Nilipofika likizo nikakuta kisiki, nacho kilikuwa tayari kimechipuza machipukizi kumi na kitu, kwa sababu mkunazi hauuawi kwa panga. Ukiukata unarudi umekasirika zaidi, na miba mingi zaidi. Safari iliyofuata nikakuta wamekichimbua na shimo wamelimwagia oili chafu. Imepokewa na Abu Dawud, mkusanyaji wa Hadithi, Hadithi inayomwonya vikali mtu anayekata mkunazi, na Abu Dawud mwenyewe aliieleza kuwa ni yule anayeukata ovyo, ule wa jangwani unaowapa wasafiri na wanyama kivuli. Sidai kwamba kujenga ukuta ni dhambi. Nasema niliposimama pale niliwaza mtaa mzima, nikahesabu vidoleni: nyumba kama arobaini, na ule ndio ulikuwa mkunazi pekee uliobaki. Walikuwa wakiuchumia wote. Hakuna aliyeulizwa, na hata mimi sikusema neno siku walipokubaliana kuuza. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo.

Mimi ninaishi Dar es Salaam, Mbagala. Mwaka 2013 mama wa jirani yangu alifariki saa tano usiku, na mazishi yalipangwa asubuhi mapema. Sanda ilipatikana haraka. Karafuu maiti ilipatikana. Mkunazi haukupatikana. Kijana mmoja alizunguka kwa bodaboda mitaa mitatu akigonga mageti, akijibiwa kwamba ulikuwepo ila ulikatwa. Mwingine alirudi na pakiti ya unga kutoka duka la dawa za asili, tukaufungua ukatoka vumbi la kahawia lisilo na povu wala harufu. Mwisho majani yalipatikana kwenye uwanja wa msikiti, mbali kabisa, baada ya Alfajiri. Sheria haimfungi mtu hapo. Mkunazi ukikosekana sabuni inatosha, na mwoshaji alilisema hilo kwa upole. Lakini nilimwona binti wa marehemu alivyokuwa ameketi akiangalia geti usiku kucha. Hakuwa akitafuta fatwa. Alitaka mama yake aoshwe kama bibi yake alivyooshwa.

Kipupwe kilichofuata nilikwenda Pangani nikarudi na kunazi nusu debe. Tukala, kokwa nikaziweka.

Kokwa ya kunazi ni ngumu kama kijiwe, na ukiizika hivyohivyo inaweza kukaa ardhini mwezi au zaidi bila dalili. Nilizitia majini, zilizoelea nikazitupa. Zilizozama nikazigonga kwa nyundo, moja moja, juu ya kitambaa zisiruke, polepole mpaka ganda lipasuke bila kuiponda mbegu. Ndani huwa na mbegu mbili bapa, za kahawia, zinazong'aa kama mgongo wa mende. Nilizilaza majini usiku mmoja na kuzipanda kwenye vifuko virefu. Hilo la vifuko virefu ni muhimu, kwa sababu mzizi unatangulia chini upesi, na ukijikunja kwenye kifuko kifupi mche hudumaa. Za kwanza zilichomoza siku ya nane. Nilipeleka miche miwili msikitini, mmoja kwa yule jirani, mmoja nikaupanda kwenye kona ya uwanja wangu karibu na bomba, kisha nikauzungushia matofali kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi wanaupenda majani na matunda, na usiku wakicheua hutema kokwa safi zilizosuguliwa. Wafugaji wengi huziokota bandani zikiwa tayari kwa kupanda.

Una kasoro zake, na atakayeupanda azijue. Maua yake madogo ya kijani-manjano yana harufu nzito isiyopendeza, ingawa nyuki huyajia kwa makundi. Usipoupogoa kila mwaka baada ya mavuno utateka uwanja wote. Kaskazini mwa Australia, ulikopelekwa ukaachiwa, umekuwa gugu linaloziba malisho. Mimi huupogoa kwa panga na glavu nene, na matawi yenye miba huyapanga juu ya ukuta kwa nyuma. Mashina makubwa hayatupwi: mbao yake ni ngumu, inatoa mpini mzuri wa jembe na mkaa unaokaa na moto.

Mwaka 2018 ulizaa kwa mara ya kwanza, kunazi ishirini na tatu. Nilizihesabu. Nilimpelekea mama yangu sita zilizosinyaa, akazila zote bila kusema kitu, kokwa akaziweka kwenye pindo la kanga.

Siku hizi watu wa mtaa wameshajua. Wanawake huja na mifuko Alhamisi jioni kwa ajili ya nywele. Wengine huja kuomba majani saba, wayaponde kwa mawe wayasomee Ayatul Kursiy, wamwogeshe mgonjwa anayesumbuliwa na mambo yasiyoonekana. Siwaulizi ni nani anaumwa. Watoto huja na upondo msimu wa kunazi na hawaombi kabisa, na hilo nimeliacha hivyohivyo.

Wiki iliyopita geti liligongwa saa saba za usiku. Alikuwa mtoto wa kiume, kama miaka kumi, nimemwona akipita kwenda shule lakini simjui kwao. Alikuwa na ungo kifuani kama ngao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Nimeambiwa nije kuomba mkunazi."

Nilichukua tochi nikampa aimulike. Alisimama karibu mno na matawi, akanyoosha mkono ili anisaidie, na mwiba ukamdaka kwenye kikwapa cha shati. Akavuta. Nikamshika kiwiko.

"Usivute," nikamwambia. "Rudisha mbele kidogo."

Akarudisha. Ukamwachia. Tukaendelea kuchuma, yeye upande wake na mimi upande wangu, mpaka ungo ukajaa.